Nani Alihesabu Miezi Sita?

Kliniki ya TB ya hospitali yetu ya mtaa, huku Eastlands, ina benchi refu la mbao lililowekwa nje, chini ya mabati yasiyo na kuta. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa tumeshaketi hapo, kila mtu na kadi yake mkononi. Mwanzoni nilidhani tumewekwa nje kwa sababu tunaogopwa. Baadaye sista wa kliniki akanieleza kwamba ni mambo ya hewa tu. Vijidudu vya TB hujazana ndani ya chumba kilichofungwa, lakini penye upepo hutawanyika. Kwa hiyo lile benchi lenyewe lilikuwa sehemu ya matibabu.

Nilikuwa na miaka 27. Nilikuwa nimekohoa kwa wiki tisa kabla ya kufika pale. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini mimi kikohozi nilikificha. Kazini nilisingizia vumbi. Nyumbani nikasingizia baridi ya Julai. Ndani ya matatu, madirisha yote yakiwa yamefungwa, nilikimeza mpaka machozi yakanitoka. Duka la dawa la pale stejini lilikuwa limeshaniuzia chupa nne za dawa ya kikohozi. Usiku nililowa jasho hadi nikawa natandika taulo juu ya shuka. Suruali zikaanza kunipwaya na maboyz wakanisifu, eti nimeanza gym. Siku nilipotema damu kwenye sinki ndipo nilipokumbuka msemo mwingine wa wahenga, ule wa mficha maradhi na kifo kinavyomuumbua.

Nilitoa makohozi asubuhi, na majibu yakatoka mchana wa siku hiyo hiyo. Mizani ikasema kilo 51. Kabla hajasema lolote kuhusu dawa, sista aliniuliza, "Unaishi na nani?" Nikamwambia naishi na mdogo wangu, chumba kimoja. Akaandika. "Kesho uje naye, tumpime pia." Kisha akanihesabia vidonge vitatu mkononi. Ndani ya vidonge hivyo mlikuwa na dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Baada ya miezi miwili zingebaki mbili. Akanionya kwamba mkojo ungegeuka rangi ya chungwa na nisishtuke. "Miezi sita," akasema. "Si mitano na nusu."

Nikamuuliza kwa nini sita. Kwa nini isiwe mitatu, au kumi? Akacheka. "Hiyo waulize waliohesabu."

Alikuwa anatania, lakini mimi nilikuwa na muda mwingi wa kuketi, na swali likanikaa. Nikaanza kusoma kwenye simu, palepale benchini. Sikujua kwamba jibu lingenirudisha huku huku kwetu.

Kwa karne nyingi ugonjwa huu haukuwa na hesabu yoyote. Ulianza, ukakukausha polepole, ukakumaliza. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kwamba amekipata kijidudu kinachousababisha. Ndiyo sababu Siku ya TB Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Lakini kumjua adui hakukuleta silaha. Kwa miaka mingine sitini tiba ilikuwa kitanda, chakula na hewa safi, tena mbali na watu. Streptomisini ilipatikana mwaka 1943. Ilikuwa ya sindano, na ikitumiwa peke yake vijidudu viliizoea haraka. Mwaka 1952 ikaja isoniazidi, ya vidonge. Madaktari wakagundua kwamba dawa zikichanganywa, vijidudu hukosa pa kupitia. Tatizo likawa muda. Ilibidi mgonjwa atibiwe mwaka mmoja na nusu hivi, la sivyo ugonjwa ulirudi.

Hapa ndipo swali la pili lilipoingia, na kwangu ndilo kubwa zaidi: je, mgonjwa anaweza kuaminiwa kwa miezi yote hiyo? Wakubwa wengi wa tiba waliamini hawezi, hasa akiwa maskini. Afungiwe hospitalini. Kuanzia mwaka 1956 jaribio moja lilifanywa Madras, India, jiji ambalo leo linaitwa Chennai. Wagonjwa 193 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lililazwa, likapewa kitanda na chakula kizuri. La pili lilitibiwa nyumbani, katika vyumba vilivyosongamana, kwa chakula cha kubahatisha. Kundi la nyumbani lilipona karibu sawa na lile la hospitali, na jamaa zao hawakuambukizwa zaidi kuliko jamaa za waliolazwa. Kilichoponya kilikuwa dawa iliyomezwa mpaka mwisho, hata kama kitanda kilikuwa cha mkeka.

Mkono wangu wa kulia kwenye benchi aliketi mzee mmoja, mlinzi wa usiku, ambaye alikuja kliniki moja kwa moja kutoka kazini na koti lake zito. Siku nilipomsomea habari hizo za Madras, alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mimi hii si mara ya kwanza."

Mwaka 1986, akiwa na umri kama wangu, alilazwa miezi miwili. Alichomwa sindano kila siku, makalio yakawa magumu kama ubao. Akaruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya mwaka mzima na zaidi. Mwezi wa tano akajiona mzima. Akapata kazi ya mjengo mji mwingine. Akaenda.

"Kijana, kikohozi kimeisha, watoto wanataka unga. Wewe ungengoja?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshasoma jambo ambalo sikujua nimwambieje.

Ni kwamba mwaka 1970, miaka kumi na sita kabla ya sindano zake, watafiti wa Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walianza jaribio katika hospitali za eneo letu hili. Walitaka kujua kama tiba ya TB inaweza kufupishwa hadi miezi sita. Wakati huo lilikuwa wazo la kishupavu. Silaha mpya ilikuwa rifampisini, dawa iliyotokana na kijidudu kilichopatikana kwenye udongo wa msitu wa misonobari nchini Ufaransa, ikatengenezwa na maabara ya Italia. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Wapo waliopata streptomisini na isoniazidi peke yake, wapo walioongezewa pirazinamidi, wengine thiasetazoni, na wengine rifampisini. Kundi moja la kulinganishia lilipewa tiba ya kawaida, ile ya miezi 18. Kisha wakafuatiliwa, mwezi baada ya mwezi, kuona ni nani ataugua tena.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1972. Kwa wale wa dawa mbili za zamani kwa miezi sita, ugonjwa ulirudi kwa watu kama 29 katika kila 100. Walioongezewa pirazinamidi, kama 8. Walioongezewa rifampisini, kama 3. Majaribio mengine yakafuata, hapa kwetu na kwingineko, na hatimaye rifampisini na pirazinamidi zikawekwa pamoja. Ukisikia leo daktari wa London au wa Lima akimwambia mgonjwa "miezi sita", hesabu hiyo ilipigwa kwa sehemu kubwa ndani ya vifua vya watu wa Afrika Mashariki.

Ripoti hizo zina majina ya madaktari. Wagonjwa wamebaki kuwa namba. Nilizirudia zile asilimia nikiwaza wale 29. Kila mmoja wao ni mtu aliyemeza dawa zote alizopewa, akaambiwa amepona, akarudi kwake, kisha usiku mmoja akaanza tena kulowa jasho. Kwa kuugua kwao mara ya pili, sisi tulijua mseto upi haufai.

Na jambo lililonikaa rohoni ni hili. Rifampisini ilikuwa ghali. Ilijaribiwa hapa, lakini mgonjwa wa kawaida wa hapa aliendelea na tiba ndefu kwa muda mrefu baadaye. Huku Kenya tiba fupi ilianza kuenea miaka ya 90. Shirika la Afya Duniani lilitangaza TB kuwa dharura ya dunia mwaka 1993, wakati Ukimwi ulikuwa tayari unaupeleka ugonjwa huu mbio. Ukimwi ukafichua pia ubaya wa thiasetazoni, kile kidonge cha bei rahisi kilichokuwa nguzo ya tiba ndefu. Kwa mtu mwenye virusi kiliweza kubabua ngozi hata kumuua. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 ulisaidia kukiondoa.

Kwa hiyo mzee wangu, mwaka 1986, aliambiwa angoje zaidi ya mwaka mmoja ilhali majirani zake wa 1970 walikuwa wameshaonyesha kwamba sita inatosha. Akaandikwa mtoro.

Neno hilo, mtoro, lina historia yake pia. Agosti 2010, huko Kapsabet, wanaume wawili walioacha dawa za TB walikamatwa, na mahakama ikaamuru wafungiwe katika gereza la mji huo kwa miezi minane ili wamalize matibabu. Sheria ya Afya ya Umma, ya tangu enzi za ukoloni, ilitumika. Katiba mpya ilipozinduliwa tarehe 27 mwezi huo, Uhuru Park ikifurika watu, wao walikuwa ndani, na mapafu yao, katika gereza lililosongamana. Walikaa siku 46 kabla ya kuachiliwa. Kesi yao ilimalizika tarehe 24 Machi 2016, Siku ya TB Duniani, Jaji Mumbi Ngugi alipoamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani ili atibiwe ni kinyume cha Katiba.

Nilimsomea mzee habari hiyo nayo. Akatikisa kichwa. "Dawa ni bure," akasema. "Njaa ndiyo ghali."

Alikuwa anasema kweli tupu. Ukianza kupona, dawa hizi hukuamshia njaa ya ajabu. Ungeamka saa nane usiku ukitafuta ugali baridi. Benchini watu hawakuulizana kuhusu vijidudu. Waliulizana nani anajua mahali githeri inauzwa bei poa. Mama mmoja alimeza dawa zake na chai ya rangi bila kitu, akatapika, akarudi kumeza. Kijana wa mkokoteni alipoteza siku ya kazi kila Jumatatu. Hakuna aliyehitaji kufungwa. Tulichohitaji ni nauli, na bosi wa kuelewa.

Mimi mwenyewe karibu niwe mtoro. Wiki ya kumi na moja nilikuwa na kilo 58, makohozi safi, na bosi aliyechoka na ruhusa zangu. Jumatatu ile sikuenda. Nilijiambia ni moja tu. Saa sita sista akapiga simu, sikushika. Jioni mlango ukabishwa. Alikuwa mama mmoja wa ploti ya jirani, mhudumu wa afya wa kujitolea. Nilimjua kwa kuuza mboga, sikujua hata kwamba ana kazi nyingine. Hakuniuliza kwa nini. Aliketi kitandani, akamwangalia mdogo wangu, akaniangalia mimi.

"Umekula?"

Nikasema bado. Akatoa sukuma wiki kwenye mfuko wake, akasema nipike, atangoja. Kesho yake nilikuwa benchini, na si Jumatatu.

Uchunguzi wa kitaifa wa TB wa 2016 uligundua kwamba wagonjwa wapatao 40 katika kila 100 nchini walikuwa hawajagunduliwa wala kutibiwa. Waliopatikana zaidi walikuwa wanaume, na vijana wa kati ya miaka 25 na 34 walikuwa wengi. Yaani sisi. Wengi wenye dalili hawakuwa wamekwenda hospitali. Nikisoma hivyo naona ile matatu yenye madirisha yaliyofungwa, na mimi ndani yake, nimemeza kikohozi. Ukikohoa wiki mbili, manze, toka uende upimwe. Kipimo ni bure, na dawa pia.

Mdogo wangu alipimwa, hakuwa na ugonjwa. Mimi nilimaliza mwezi wa Februari. Sista aligonga muhuri kwenye kadi, akaandika neno moja, *Amepona*, kisha akaita jina linalofuata. Hakukuwa na sherehe. Nilikuwa na kilo 63.

Mzee alikuwa na wiki mbili zaidi. Safari hii vijidudu vyake vilikuwa vimepimwa kwanza, na dawa zikaonekana bado zinavimudu. Jumatatu yake ya mwisho niliomba ruhusa kazini, nikaenda kuketi naye. Alikuja na koti lile lile, ametoka lindo. Alipotoka ndani alinipa kadi niisome, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika. Nikamsomea. Akaniambia nirudie.

"Miezi sita," akasema, akaikunja na kuitia mfuko wa ndani. Kisha akauliza ni wapi hapo karibu tunaweza kupata chai na mandazi.