Mizani ya Pamba na Mkono wa Mwanamke

Historia ya pamba katika nchi ya Wasukuma imezoewa kusimuliwa kama historia ya mizani. Kabla ya ushirika, mkulima wa Sapiwi, sawa na mwenziwe wa Kwimba au Geita, alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, ikapimwa kwa mizani asiyoiamini, naye akapokea alichopewa. Mwaka 1952 Paul Bomani na wenziwe wakaunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Na mwaka 1955 vyama vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, uliohesabiwa miongoni mwa miungano mikubwa ya ushirika barani Afrika. Mizani ikawa ya wakulima wenyewe.

Lakini mkulima huyo ni nani? Pamba hupandwa, hupaliliwa tena na tena, huchumwa tumba kwa tumba, kisha huchambuliwa ili iliyo safi itengwe na iliyoingia madoa. Sehemu kubwa ya kazi hizo za subira imekuwa mikononi mwa wanawake na watoto. Plau ya kukokotwa na ng'ombe ilipanua mashamba, bali palizi na uchumaji vikabaki kazi ya mkono. Kwa hiyo kila eka iliyozidi ilimzidishia mwanamke mzigo, na mtama na mahindi vikimngoja vilevile. Siku ya mauzo, jina lililokuwa katika daftari la chama lilikuwa kwa kawaida la mkuu wa kaya, na fedha zikafuata jina. Nyingi ziligeuka ng'ombe, mali ambayo mke hakuwa na kauli kubwa juu yake.

Baada ya uhuru ilitafutwa dawa ya hali hiyo, na dawa ikaitwa mafunzo. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika uliundwa mwaka 1962. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, mwaka 1973. Na tangu mwaka 1975 Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vikafunguliwa, kimojawapo kikiwa Malampaka, katika Wilaya ya Maswa. Mara nyingi mwanamke alifundishwa kushona na kupika. Si mambo ya kudharauliwa. Lakini yafaa tuangalie kwamba sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje bila kusokotwa, na mshonaji wa Bariadi hununua kitambaa kilichofumwa kwingine.

Sheria nazo zilisogea. Ile ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimtambulia mke haki ya kuwa na mali yake. Ile ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikampa haki ya ardhi sawa na mwanamume. Na mwaka 2018 halmashauri zilifungwa na sheria kutenga mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake.

Hapa historia ya ushirika ina neno la kutufundisha. Wakulima wa 1952 hawakuambiwa kuwa dawa ya kupunjwa ni kulima zaidi. Walitaka mizani, wakaipata. Vivyo hivyo, cherehani au ufundi wa kukamua mafuta ya alizeti hautamtajirisha mwanamke ambaye jina lake halimo katika daftari la chama wala katika hati ya shamba. Utamwongezea kazi tu. Ufundi na ufundishwe, ila jina liandikwe kwanza.