Mwandamani, si Mhusika Msaidizi

Orodha ya istilahi za michezo ya kompyuta niliyoletewa majuzi hapa Kasungami, Lubumbashi, inamwita yule anayesafiri nawe katika michezo ya kuvaa uhusika “mhusika msaidizi”. Nilidhani ni kosa la chapa. Kumbe ni uamuzi wa kikao kilichoitunga, tena cha watu wazima.

Kwanza, jina hilo lina mwenyewe. Wahakiki wa fasihi wamelitumia miaka mingi kwa mhusika anayemjenga mhusika mkuu kisha akajiondokea, na hakuna aliyewaomba ruhusa. Hilo ningelisamehe. Nisilolisamehe ni kwamba msaidizi ni mtu wa kutumwa. Lydia wa Skyrim, mchezo wa mwaka 2011, huyo ni msaidizi kweli: unapewa pamoja na cheo, anabeba mizigo yako, na ukimsahau nyumbani miezi hana la kukuuliza. Mji wetu unawajua watu walioonwa hivyo. Ulipoitwa Elisabethville ulijaa maboyi ambao mabwana zao waliwahesabu pamoja na vyombo. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, kwa mkono wa André Yav, kikatoa historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu hiki hiki, na mabwana wakaonekana humo walivyoonekana kutoka jikoni. Aliyeshika sinia alikuwa akitazama. Mwandishi wa gemu anayeijua kazi yake huanzia hapo: aliye kando yako ana hesabu zake, na katika hesabu hizo huenda wewe ni mpita njia tu.

Kwa hiyo nasema mwandamani. Sikulibuni, lilikuwapo, limeachwa livae vumbi. Kitenzi ni andama, kufuata, kile kile cha mwezi ulioandama. Kitie kiambishi cha kutendana, -an-, upate andamana, na hapo ndipo utamu ulipo: kufuata kwa mmoja kumekuwa kufuatana kwa wawili, wala huwezi kusema nani yuko mbele. Andama hiyo hiyo imezaa mwandamizi, ambaye ofisini siku hizi ni mkubwa wa kusimamiwa anapoingia. Mzizi huu haudharauliki. Mpinzani mmoja ameandika kwa kejeli kwamba waandamani watadhaniwa waandamanaji na polisi watafika. Asome tena sarufi yake. Kiishio -ji humtaja mtendaji kwa tendo lake, na huyo akishakunja bango si mwandamanaji tena. Uandamani ni hali ya mtu na mwenziwe, njia nzima.

Wengine wanataka mwenza. Neno zuri, ila kwa masikio ya wengi limekwisha kuolewa, na linanuka ukewenza. Lingemfaa Erine, mke wa Enzo katika Aurion, mchezo wa mwaka 2016 wa Kiro'o Games ya Kameruni, anayepigana ubavuni mwa mumewe. Lakini huwezi kuligeuza jina la ndoa kuwa la kundi zima. Kuna na wa mwandani, na hao nawaheshimu kidogo zaidi. Mwandani ni msiri wa moyo. Haya, katika Baldur's Gate 3, kazi ya mwaka 2023 ya Larian wa Ubelgiji (ndiyo, Ubelgiji, tuendelee), Astarion, mmoja wa wasafiri wenzako, anakukaribisha kwa kisu shingoni. Mwandani gani huyo? Uandani atakupa baadaye, akipenda, na uzuri wa mwandiko wake ni kwamba unautafuta kwa jasho. Ukiamua kuungana na wavamizi wa kambi ya wakimbizi, wenzake Karlach na Wyll wanakuacha. Hata katika Baldur's Gate ya 1998, sifa yako ikizidi kuwa njema, waovu uliokuwa nao wanakuaga. Msaidizi haagi, anaachishwa kazi.

Wala tusiambiwe kwamba haya ni mageni kwetu. Katika Sultan Darai, ngano ya Unguja iliyochapwa na Edward Steere mwaka 1870, maskini anayechakura jaani ananunua paa kwa thumni. Paa ndiye mwenye akili: anapata almasi, anamposea bwana wake binti wa sultani, anaua joka la vichwa saba ili ampatie nyumba. Kisha anaugua, na bwana aliyeshiba anaamuru apikiwe uji wa mtama mbovu. Paa anakufa. Bwana analala kwenye kitanda cha kifalme, anaamka yuko jaani anachakura. Hakuna alama za kuridhika zilizoonyeshwa pembeni mwa kioo kama kwenye gemu, na bado kila msikilizaji alikuwa akizihesabu.

Haya yote niliyapeleka kwenye kikao kwa maandishi, kwa adabu. Nikajibiwa kwamba “msaidizi” limeshazoeleka. Na nani? Vijana wa mtaa huu, wanaocheza jenereta ikinguruma dirishani, hupiga kelele “masta yangu amekufa!”, na masta hapa Lubumbashi ni rafiki yeyote, hata wa chupa moja. Nalipenda neno hilo, ila linabeba watu wengi mno. Msaidizi sijalisikia kwa hata mmoja wao.

Matumizi, kwa ufupi: mwandamani, wingi waandamani; kundi lao, msafara; akikuacha, ameaga; asiye na lake la kusema, mwiteni msaidizi.