Jina la Livingstone na Nguo ya Ukoo Wake

Wasikilizaji wetu wa Msalato na wa Ugogo yote wajua ya kuwa jina la mtu peke yake halitoshi kumtambulisha. Huulizwa mbeyu yake, yaani ukoo. Huulizwa muzilo, mwiko wa ukoo huo. Na mulongo, jina lao la kujisifia. Leo twauliza maswali ya namna hiyo juu ya Daktari David Livingstone, aliyezaliwa Blantyre katika nchi ya Scotland, mwaka 1813.

Jina hilo lina asili mbili. Ya kwanza ni mahali karibu na mji wa Edinburgh, palipokaa bwana mmoja aitwaye Leving katika karne ya 12. Mahali pakaitwa Livingston, maana yake mji wa Leving, na wenye nchi hiyo wakachukua jina la mahali. Ya pili ni pwani na visiwa vya magharibi, walikosema Kigaeli. Huko jamaa fulani walikuwa na jina lao wenyewe, ambalo wengine hulifasiri "mwana wa tabibu". Baadaye wakaitwa Livingstone kwa Kiingereza. Baba yake Daktari alizaliwa upande huo, katika kisiwa cha Ulva. Basi majina yalifanana, lakini haifuati kwamba damu ilikuwa moja.

Na nguo, je? Watu wa milima ya Scotland walivaa sufu ya miraba ya rangi iitwayo tartani. Daktari aliandika kwamba baba wa babu yake aliuawa vitani Culloden, mwaka 1746. Baada ya vita hivyo wanaume wa milimani walikatazwa kwa sheria kuvaa mavazi hayo, isipokuwa askari wa mfalme, na sheria haikufutwa mpaka 1782. Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822, wakuu walikuja wamevaa tartani. Tangu hapo desturi ya kila ukoo kuwa na miraba yake ikaenea sana, na wafumaji wakapata biashara. Akina Livingstone nao wana yao.

Twaona, basi, kwamba jina laweza kuwa la kale na nguo yake ikawa ya juzi. Sheria iliwavua watu nguo, haikuwavua ukoo. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee mbeyu, muzilo na mulongo wenu, na mahali walikotoka babu zenu, kisha yaandikeni.