Daktari New York, mgonjwa Strasbourg: mguso ulibaki wapi?

Tarehe 7 Septemba 2001, mama wa miaka 68 alilazwa kwenye meza ya upasuaji mjini Strasbourg, Ufaransa, ili atolewe mfuko wa nyongo. Daktari wake, Jacques Marescaux, hakuwepo chumbani. Hata Ulaya hakuwepo. Alikuwa New York, mbele ya skrini, ameshika vishikio vya kuongozea roboti aitwaye ZEUS. Alivyosogeza mikono yake, ndivyo mikono ya roboti ilivyosogea ng'ambo ya Atlantiki. Kazi ilichukua dakika 54, na baada ya saa 48 mama akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Waliita kazi hiyo Operesheni Lindbergh, kwa heshima ya Charles Lindbergh aliyeruka peke yake na ndege kutoka New York hadi Paris mwaka 1927. Wengi humkumbuka roboti. Lakini tatizo gumu lilikuwa waya.

Kwa nini? Ukisogeza mkasi halafu picha ikachelewa, unaweza kukata pasipotakiwa kabla hujaona. Kwa majaribio, timu ilikadiria kwamba kuchelewa kusizidi milisekunde 330 hivi. Setilaiti za mawasiliano za wakati huo zilikaa karibu kilomita 36,000 juu yetu, kwa hiyo amri kwenda na picha kurudi ni kama nusu sekunde. Haifai. Ikabidi watumie faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba mwanga. Siku hiyo kuchelewa kulikuwa wastani wa milisekunde 155.

Faiba yenyewe ina historia yake. Mwaka 1966, Charles Kao na George Hockham, wakiwa Uingereza, walionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano mbali. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ikakipata kioo cha namna hiyo. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Sasa kuna jambo ambalo husahaulika: Marescaux aliona, ila hakuhisi. ZEUS hakurudisha mguso. Na daktari wa upasuaji hutegemea sana vidole, maana vidole ndivyo vinavyomwambia hapa pagumu, hapa palaini, uzi huu ukiuvuta zaidi utakatika.

Kurudisha mguso ni kazi nyingine kabisa. Macho huvumilia picha chache kwa sekunde, lakini vifaa vya mguso kwa kawaida hupokea taarifa mpya mara 1,000 kila sekunde. Jibu likichelewa, mkono unakuwa umeshasukuma zaidi, kifaa kinasukuma kurudi, mkono nao unajibu, na mwisho mtambo unaanza kutetemeka. Ndiyo maana Gerhard Fettweis wa Dresden, Ujerumani, alipoandika mwaka 2014 kuhusu intaneti ya mguso, alizungumzia milisekunde 1 tu, kwenda na kurudi.

Hebu tupige hesabu. Ndani ya kioo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa milisekunde 1 ni kilomita 200, yaani 100 kwenda na 100 kurudi. Ukitokea Dar es Salaam, unaishia karibu na Chalinze! Na hapo hatujahesabu muda wa mitambo yenyewe.

Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu, tukaanza kuachana na setilaiti. Ni hatua kubwa kweli. Lakini ahadi kwamba bingwa wa London atampapasa bibi yako kijijini kama yuko naye, hiyo fizikia inaikataa. Kununua laini kubwa zaidi hakusaidii. Upana wa barabara haufupishi safari.

Mfano wa kufuata upo Kanada. Mwaka 2003 Mehran Anvari, akiwa Hamilton, alianza kuwafanyia upasuaji wagonjwa wa North Bay, kama kilomita 400 hivi, huku madaktari wa hapo hapo wakiwa kando ya kitanda. Hata Strasbourg walikuwepo.

Kwa hiyo siku ukisikia mradi wa upasuaji wa mbali unazinduliwa, uliza maswali mawili. Kuchelewa ni milisekunde ngapi? Na laini ikikatika, nani yuko chumbani na mgonjwa?