Broglio kwa Brock: Mabadilishano ya 1964

Tarehe 15 Juni 1964, timu mbili za besiboli za Marekani, Chicago Cubs na St. Louis Cardinals, zilibadilishana wachezaji sita. Cubs walimpata mrushaji Ernie Broglio, aliyeshinda michezo 18 mwaka uliotangulia. Cardinals walimchukua Lou Brock, kijana mwenye mbio ambaye makali yake yalikuwa hayajaonekana. Chicago ilishangilia, St. Louis ilinung'unika, kwani kumtoa mrushaji hodari kwa mpigaji wa kawaida kulionekana hasara tupu.

Hesabu ilipinduka upesi. Kiwiko cha Broglio kilikuwa na maumivu. Alifanyiwa upasuaji mwaka huohuo, na hadi 1966 aliishindia Cubs michezo 7 tu. Brock aliisaidia Cardinals kutwaa ubingwa msimu uleule. Mrushaji akianza tu kuinua mguu, yeye alishachomoka kuelekea kituo kinachofuata. Alipostaafu mwaka 1979 alikuwa "ameiba" vituo 938 kwa namna hiyo, rekodi ya wakati huo.

Tangu hapo, mashabiki wakibishana kuhusu thamani ya mrushaji, jina la Broglio halikosi kutajwa. Ushindi wa jana hautoshi kumpima mrushaji. Kwanza uchunguzwe mkono wake.