Somo la Kiingereza: Habari za Neno "Very"

Leo tutatazama neno dogo, "very". Kazi yake ni kuitia nguvu sifa. "Heavy" ni zito. "Very heavy" ni zito sana.

Hapo kale Waingereza hawakuwa na neno hili. Walisema "swithe", maana yake "kwa nguvu". Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy katika Ufaransa, aliishinda Uingereza. Wakubwa wapya walisema Kifaransa, na maneno yao mengi yakaingia katika Kiingereza. Moja ni "verai", maana yake "-a kweli". Ndilo lililokuwa "very". Hata katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549, "very" limetumika kwa maana ya kweli. Lakini kwa mazoea maana hiyo ilififia, ikabaki nguvu tu, na "swithe" likasahauliwa. Sisi nasi husema, "Mzigo huu ni mzito kweli!" Njia ni ile ile.

Tofauti ni mahali pa neno. "Sana" hufuata sifa, "very" huitangulia. Basi usiseme "heavy very".

Tena, usilichanganye na "too", maana yake mno, kupita kiasi. Ukiambiwa mzigo ni "very heavy", jikaze, uinue kwa uangalifu. Ukiambiwa ni "too heavy", usiuguse peke yako, ita mwenzio. Neno moja laweza kuuokoa mgongo wako.

Someni sentensi hizi kwa sauti: "The box is very heavy. The box is too heavy."

Kwaherini.