CCIE: mtihani wa kurudia, na nauli yake

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando kidogo nizungumzie majirani zetu, watu wa mitandao. Wana mtihani uitwao CCIE, kifupi cha Cisco Certified Internetwork Expert, na kwa miaka mingi ndicho cheti kilichoogopwa zaidi katika fani yao. Watu hodari kabisa huufanya mara mbili, tatu, hata zaidi. Husemwa kwamba anayefaulu ni mwenye moyo wa subira. Sawa. Lakini moyo bila nauli haufiki mbali, na nikiitazama historia ya mtihani huu naona nauli imeamua mengi kuliko tunavyokubali.

Cisco ilianzishwa mwaka 1984 na Leonard Bosack na Sandy Lerner. Ruta zake zilienea haraka kuliko watu wa kuziendesha. Mwaka 1993 Stuart Biggs, mfanyakazi wa kampuni hiyo, akatunga mtihani wa vitendo: unaingia maabara, unakuta ruta halisi, unaambiwa jenga mtandao. Kila anayefaulu hupewa nambari, na nambari zikaanzia 1024, yaani 2 kwa kipeo cha 10 (watu wa tarakilishi na utani wao). Hiyo 1024 haikupewa mtu, ilipewa maabara yenyewe. Biggs akachukua 1025. Nambari 1026 ikaenda kwa Terry Slattery, mtu wa kwanza kutoka nje ya Cisco kufaulu. Slattery huyo huyo aliongoza kikosi kilichounda upya sehemu ya kuchapia amri katika ruta za Cisco. Kwa hiyo watu wa programu tumo tangu mwanzo, msitudharau.

Miaka hiyo maabara ilichukua siku mbili. Siku ya kwanza unajenga. Usipofikisha alama zinazotakiwa, unafunga virago. Ukivuka, unaendelea kujenga siku ya pili, kisha unakwenda chakula cha mchana, na wakati unakula msimamizi anaingia kwenye mtandao wako na kuuharibu makusudi. Ukirudi, kazi yako ni kutafuta alipoharibu huku saa inakwenda. Sidhani kama chakula kile kiliwahi kumnogea mtu.

Oktoba 2001 siku mbili zikawa moja, saa 8, na kile kipindi cha kutafuta hitilafu kikaondolewa. Wapo waliosema mtihani umelegezwa. Mimi siafiki. Alama za kufaulu zilibaki 80 kwa 100, na swali la alama 3 halikuwa na nusu: timiza masharti yote au chukua sifuri. Tena kosa dogo la asubuhi kwenye swichi linaweza kuangusha yote utakayojenga juu yake mchana. Ukishindwa unapata ripoti yenye majina ya sehemu na asilimia, basi. Kwetu kompaila hutaja faili na mstari wenye kosa. Hebu fikiria kompaila inayokuambia "asilimia 62" kisha inanyamaza!

Sasa tuje kwenye nauli. Katika miaka ya 2000 Nairobi haikuwa na maabara ya kudumu ya mtihani huu. Mkenya alikwenda Brussels au Dubai. Kwanza alifanya mtihani wa kuandika hapa nyumbani, na kuanzia hapo alikuwa na miezi 18 ya kujaribu maabara kwa mara ya kwanza. Ada ya maabara peke yake ilizidi dola 1,000, na kufikia mwisho wa muongo ilikuwa dola 1,400, karibu shilingi laki moja wakati ule. Ongeza viza, tiketi ya ndege na hoteli. Ukishindwa, jumla hiyo yote unaanza kuitafuta upya.

Mwenzangu mmoja alikwenda mara nne, mbili Brussels na mbili Dubai. Huwa anasema ile safari ya kwanza alilipia kuona chumba tu. Jioni baada ya kila mtihani alikaa hotelini akaandika daftarini, si maswali (mtahiniwa hutia sahihi kwamba hatayatoa nje), bali mahali alipopoteza muda. Baada ya safari ya pili alikaa karibu miaka miwili bila kurudi, na watu wakadhani ameshakata tamaa. Alikuwa anadunduliza.

Kufanya mazoezi nyumbani nako kulikuwa na bei. Ulihitaji ruta sita au zaidi, kwa kawaida zile za mfululizo wa 2500 zilizotumika, ununue Marekani, usafirishe, ulipe ushuru, kisha uzipange chumbani zikivuma kama posho mill na kula umeme. Wengi waliishia hapo, na hatuwezi kusema walikosa moyo.

Kilichobadilisha mambo ni programu, na hapa ndipo mimi huchangamka. Agosti 2005 Mfaransa Christophe Fillot alianza kuandika Dynamips. Ruta za mfululizo wa 7200 hutumia prosesa za aina ya MIPS, naye akaandika programu inayoiga prosesa hiyo ndani ya tarakilishi ya kawaida, kiasi kwamba mfumo halisi wa Cisco unawaka humo bila kujua umedanganywa. Tatizo lilikuwa kwamba ruta moja tu ya kuigiza ilimaliza nguvu zote za tarakilishi, kwa sababu programu haikujua ni lini ruta imekaa bure. Dawa yake ilikuwa kutafuta anwani ya ule mzunguko ambao mfumo huzunguka ukisubiri kazi, kisha kuilaza programu kila inapofika hapo. Wazo dogo, lakini ghafla ruta kumi zikaenea kwenye mashine moja. Baadaye Greg Anuzelli akaleta Dynagen ili kurahisisha mipangilio, na Jeremy Grossmann akaleta GNS3, ambayo unachora mtandao kwa kipanya. Swichi hazikuigika vizuri, na leseni ya ule mfumo wa Cisco ilikuwa suala lake. Lakini mtu wa Umoja au Likoni aliweza sasa kuvunja mtandao wake mara mia kwa usiku mmoja na kuujenga upya, kwa gharama ya umeme wa tarakilishi moja. Mwenzangu alizifanya safari zake mbili za Dubai baada ya hapo, na ya nne akafaulu.

Mtihani wenyewe haukumsubiri mtu. Mapema 2009 yaliongezwa maswali mafupi ya kujieleza, na ukiyashindwa umeshindwa hata kama mtandao wako unapiga kazi. Mei 2010 yakaondolewa. Oktoba 2009 kutafuta hitilafu kulirudi, saa 2 nzima. Frame Relay, iliyowakosesha wengi usingizi, iliondolewa 2014. Februari 2020 ule wa ruta na swichi ukapewa jina jipya, CCIE Enterprise Infrastructure, saa 3 za usanifu na saa 5 za kujenga na kuendesha.

Nambari za siku hizi zina tarakimu tano, na cheti hakina mahali pa kuandika ulijaribu mara ngapi. Mwenzangu ameambatisha chake kwenye zabuni nyingi, na hakuna aliyewahi kumuuliza.